Faida ya Meza ya Kukodi ni ya Nani?

Anayetaka kufungua ofisi Dar es Salaam huanza kutoa kabla hajaingiza hata senti. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, pengine ya mwaka mzima. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Bado meza, viti, intaneti, umeme wa LUKU na mlinzi wa usiku. Mtaji wa biashara changa unaweza kuishia hapo. Ndiyo maana siku hizi wengi huamua kukodi meza moja kwenye ofisi ya pamoja, wakalipa kwa mwezi au hata kwa siku, na printa, chumba cha mikutano na jenereta vikawa vya wote.

Kwa mfuko wa mjasiriamali, jambo hilo halina ubishi. Lakini ule mzigo wa kodi ya mwaka haukuyeyuka. Umehamia begani kwa mtu mwingine, na hapo ndipo linapozuka swali ambalo mhasibu hawezi kulijibu: anayeubeba anastahili kupata nini, na kwa haki ipi?

Mafakihi wa Kiislamu walilijadili karne nyingi kabla ya kompyuta kuwepo. Kanuni yao mashuhuri, inayotokana na hadithi iliyosimuliwa na Bi Aisha, ni kwamba mavuno ya kitu humwendea yule ambaye, kikiharibika, hasara ni yake. Wakajiuliza: mtu akikodi nyumba, kisha akampangisha mwenzake kwa bei ya juu zaidi, ile ziada ni halali yake? Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi walisita. Kwao ziada hiyo si safi mpaka mkodishaji wa kati awe ameongeza kitu, kwa mfano ameikarabati nyumba. La sivyo aitoe sadaka. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, hawakuona shida. Aliyekodi ameshayamiliki manufaa ya nyumba kwa muda wake, basi ayauze kwa bei atakayopatana na mteja.

Kampuni ya WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010, ni kama iliundwa makusudi kuwapa mafakihi hao kazi. Ilikodi majengo kwa mikataba ya miaka mingi, ikayapamba, kisha ikayapangisha vipande vipande kwa wateja ambao wengi wao waliweza kuhama kwa taarifa fupi tu. Mwaka 2019 ilipojiandaa kuuza hisa kwa umma, waraka wake ulitangaza kwamba dhamira ya kampuni ni kuinua fahamu za ulimwengu. (Kwa meza na kahawa, hiyo ni ahadi nzito.) Waraka huohuo ulionyesha kwamba kampuni ilikuwa na deni la kodi ya pango ya miaka ijayo la takriban dola bilioni 47. Mauzo ya hisa yakakwama, mwanzilishi mwenza Adam Neumann akaachia uongozi akiwa tajiri, na Novemba 2023 kampuni ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Mikataba mingi ikavunjwa. Hasara ambayo mkodishaji wa kati alijitwika ikawaangukia wenye majengo na wawekezaji.

Tuseme basi mwendeshaji wa ofisi ya pamoja ni mwaminifu na madeni yake anayalipa. Swali la Wahanafi bado liko palepale: ameongeza nini?

Rangi ukutani, ndiyo. Viti vizuri pia. Lakini wapangaji wengi hawafuati viti. Ofisi ya pamoja ya iHub ilipofunguliwa Nairobi mwaka 2010, ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre kwenye Ngong Road, wanachama wa daraja lililoitwa la kijani walikaa bila kulipa, kwa kuwa wafadhili kama Omidyar Network na Hivos walisaidia kugharamia. Waliokwenda pale walifuata watu: mwandishi wa programu anayekwama, jirani wa meza ya pili akamtoa, mwenye wazo asiyejua kuchora, akampata mchoraji kwenye foleni ya kahawa.

Mali hiyo ya ujuzi haikuletwa na mwendeshaji. Wapangaji wenyewe ndio waliokuja nayo vichwani. Katika ofisi ya kulipia, kila mmoja anauziwa majirani zake, na yeye mwenyewe anauzwa kwao, bila yeyote kugawiwa chochote. Mtetezi wa ofisi hizi atasema kukusanya watu nako ni kazi, na ni kweli. Dalali hulipwa kwa kukutanisha tu. Ila dalali hulipwa mara moja, hadai malipo kila mwezi kwa urafiki wa watu.

Aristotle angeuita urafiki huo ule wa kufaana, unaokatika mara kufaana kunapokwisha. Huenda alikuwa mkali mno: anayemwomba jirani amwangalizie kompyuta wakati anakwenda kuswali adhuhuri amempa amana, na amana haimo kwenye ankara ya mwezi.

Baadhi ya waendeshaji wakubwa, IWG wakiwemo, sasa wanapenda mikataba ambayo mwenye jengo hugawana mapato na mwendeshaji badala ya kupokea kodi isiyobadilika. Kwa kipimo cha ile kanuni ya kale ni hatua nzuri, maana mvunaji sasa anabeba na sehemu ya hasara. Mpangaji aliyemtafutia jirani yake mteja wa kwanza hayumo kwenye mgawo huo, na mwisho wa mwezi analipa bei ileile ya meza.