Pepo hana ufunguo wa kabati

Mkristo wa Afrika Mashariki akija Nizwa, Oman, kutafuta riziki, haumalizi mwezi kabla hajasimuliwa habari za Bahla. Mji wenyewe uko jirani tu, na ngome yake imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1987, lakini watu wetu hawana habari na ngome. Habari yao ni majini tu: eti ukuta ule mrefu ulijengwa usiku mmoja, eti mti wa sokoni ulifungwa mnyororo majini wasije wakauhamisha. Wapemba wakisikia hutabasamu, maana sifa ya majini hata kwao ipo.

Hadithi hizo nazipenda. Kinachonikera ni kazi tunayozitwisha.

Dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani upande wa Ibra, aliniambia nyumba anayokaa ina mapepo. Usingizi hapati, kifua kinambana, akisinzia anaota anakabwa. Mchungaji wake kule Kenya alimwombea kwa simu, akamwambia ni laana ya ukoo, akamtaka atume sadaka ya kuivunja. Akatuma. Nikamuuliza siku yake inakwendaje. Anaamka saa kumi alfajiri, analala saa sita usiku, siku ya kupumzika hana, mshahara umechelewa, na pasipoti bosi ameifungia kabatini. Kila jambo hapo lina mtu aliyeliamua. Pepo, hata kama yupo, hana ufunguo wa kabati.

Sisemi shetani hayupo. Injili inasema alimjaribu Yesu nyikani siku 40, nami naamini. Ila Ukristo haujamfanya mungu wa pili. Kwa Ayubu aliomba ruhusa kwanza, akawekewa mpaka. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa 354, ujanani alifuata Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo. Alipowaacha alikuja kufundisha kwamba uovu hausimami peke yake. Ni wema uliopungukiwa. Akakiri pia kilichomvutia kule: aliweza kusema kwamba anayetenda dhambi si yeye, ni kitu kingine ndani yake. Nani asiyependa dini ya namna hiyo?

Hawa naye alimtaja nyoka, wala hakusema uongo. Nyoka akalaaniwa. Lakini yeye na mumewe wakatolewa bustanini vilevile.

Kenya mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Karibu miaka 30 baadaye, 2023, tukaanza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja huko Shakahola, Kilifi. Miili ilipita 400, mingi ya watu waliokufa njaa, watoto wakiwemo. Walionusurika walieleza walivyofundishwa kwamba shule na hospitali ni za shetani. Shetani alisakwa darasani na wodini, huku mtoto ananyimwa uji.

Nikienda Sur, penye karakana za majahazi, mawazo yangu huvuka bahari hadi Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa 1873, Waanglikana wakajenga kanisa kuu pale pale. Biashara ile ilikuwa na madalali, wakopeshaji, ushuru wa forodha, manahodha na wanunuzi wa mataifa mengi. Watu wa hesabu, watu wa sala. Hakuna aliyepandisha pepo ndipo aandike daftari lake.

Ibra yuko mzee mmoja, Mwislamu, mzaliwa wa Unguja, anayesema Kiunguja kilichonyooka kuliko changu. Alinisimulia mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 na jinsi walivyouawa ndugu zake. Nilingoja aseme Ibilisi aliwaingia watu, hakusema. Alitaja majirani kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na yule aliyemficha yeye na mama yake uvunguni. Nikamuuliza kama amewasamehe. Akasema wengine ndiyo, wengine bado anajitahidi. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mikarafuu ya babu yake ilipandwa na watumwa, na kwamba kwao hilo halikuzungumzwa kamwe.