Rebeka Aliulizwa

Baada ya somo la Jumapili iliyopita juu ya Isaka na Rebeka, mchungaji aliniomba niandike kurasa hizi. Alinipa swali moja ambalo vijana wetu wamekuwa wakimletea: Je, ni haki kumtoa mtu kwao ukamleta kwenu aishi, kwa sababu mmependana? Na kwa nini alinichagua mimi, anajua. Wengi wenu mnamfahamu mume wangu, yule Mghana anayeketi safu ya tatu upande wa madirisha. Tulikutana Doha, mimi nikifanya usafi hotelini, yeye akiwa mlinzi. Tukafunga ndoa, mkataba wake ukaisha, akaja Magongo. Mwaka huu ni wa sita.

Swali hili watu hulijibu haraka mno. Vijana husema mapenzi hayana mpaka, kwisha. Wazee husema mke humfuata mume, kwa hiyo mwanamume aliyemfuata mke ameolewa yeye. Mimi hilo la pili nimelisikia mpaka masikio yamezoea. Hata pale stejini Magongo Mwisho kuna mtu amewahi kumtania mume wangu kwamba alitolewa mahari. Alicheka, maana Kiswahili chake wakati huo kilikuwa hakijafika huko.

Hebu tuimalize hiyo ya wazee kwanza, kwa sababu si ngumu. Yakobo alikaa kwa mjomba wake Labani, kwa watu wa wake zake, miaka ishirini. Musa alikaa Midiani kwa mkwewe miaka arobaini, akichunga kondoo wa mkwewe. Na Mwanzo 2:24 inasema anayewaacha baba na mama yake ni mwanamume. Sisemi hiyo iwe sheria ya kuhamishia waume wote Mariakani! Nasema tu Biblia haikuona aibu pale tunapoiona sisi.

Sasa turudi kwa Rebeka, kwa maana hapo ndipo pana nyama. Someni Mwanzo 24 yote, polepole. Ibrahimu anamtuma mtumishi wake akamtafutie Isaka mke katika nchi aliyotoka. Mtumishi ni mtu mzima, anauliza swali la mtu mzima: na kama huyo mwanamke hatataka kunifuata? Ibrahimu angeweza kusema mshawishi, mwongezee dhahabu, mlazimishe. Hakusema. Alisema akikataa, wewe umefunguliwa kiapo chako. Yaani tangu mwanzo wa safari, kabla ngamia hawajapiga magoti, jibu la "sitaki" lilikuwa limeshatengewa nafasi. Halafu kule kwao, ndugu na mama walipoona mtumishi ana haraka, walisema aitwe msichana mwenyewe aulizwe. Akaulizwa. Akakubali.

Mimi naona uzito wote uko hapo. Kuuliza kama hakuna nafasi ya jibu la pili si kuuliza, ni kutangaza kwa sauti ya upole. Wengi wetu tunawatangazia wenzetu. Mtu ameshalipa tiketi, ameshawaambia wazazi, ameshapanga nyumba, ndipo anamgeukia mwenzake, "Unaonaje, tukaishi kwetu?" Mwenzake aone nini sasa?

Kuna jambo jingine kwenye habari ile ambalo huwa tunalipita. Rebeka hakuondoka peke yake. Alikwenda na mlezi wake, mwanamke aliyemjua tangu utotoni. Miaka mingi baadaye, Mwanzo 35:8, yule mlezi anakufa, na Biblia inatutajia jina lake, Debora, na mti aliozikwa chini yake. Kwa nini Roho atuandikie kaburi la mtumishi wa nyumbani? Mimi nimelifikiria sana hilo, na naamini ni kwa sababu kwa miaka yote ile, katika hema za watu wa mumewe, Debora ndiye aliyekuwa kwao kwa Rebeka. Ndiye waliyeweza kucheka naye utani wa nyumbani bila kuueleza.

Ndiyo maana simzuii mume wangu Jumamosi anapokwenda kukutana na wenzake wa Afrika Magharibi, hata kama kuna kazi nyumbani. Hapa mtaani wote wanaitwa Wanaija, awe Mghana, awe Mkameruni, na jina hilo hutamkwa kama kwamba mtu ameshakamatwa na mzigo. Huyo mtu aliyekaa wiki nzima akiwa "yule Mnaija" anahitaji saa tatu za kuwa yeye mwenyewe tu, akizungumza Kitwi kwa sauti kubwa.

Nikiulizwa ni nini kigumu zaidi, si chakula wala lugha. Chakula tulikimaliza mapema. Soko letu lina muhogo, lina ndizi mbichi. Alinunua kinu, akatwanga fufu yake mwenyewe uani, na majirani wa ploti nzima wakatoka kuangalia mwanamume anatwanga. Kwao wanaume hutwanga, hakuna shida. Siku ya tatu watoto wa jirani walikuwa wanangoja kuonja. Lugha nayo inakuja, polepole, hasa kwa kuwa kuna shemasi mmoja hapa kanisani ambaye kwa miezi mingi aliketi kando yake akimnong'onezea mahubiri. Yeye anajijua, Mungu ambariki.

Kigumu ni nguvu. Nieleze.

Tulipokuwa Doha wote wawili tulikuwa wageni. Kila mmoja na pasipoti yake, mkataba wake, hofu yake. Tulipotua pale uwanja wa Moi, dakika ileile mizani ilihama. Mimi niliingia kwetu. Yeye aliingia kwa mke wake. Sheria yenyewe inamwita mtegemezi: anakaa kwa pasi ya mtegemezi, na anayetegemewa ni mimi. Pasi hiyo haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Kwa kazi anatakiwa kibali kingine. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuomba uraia, lakini baada ya miaka saba ya ndoa. Na ardhi, kifungu cha 65, asiye raia hawezi kuimiliki moja kwa moja, atakodishiwa tu, isizidi miaka 99.

Sizilalamikii sheria hizi. Kina mama tukumbuke tulipotoka: chini ya katiba ya zamani, mgeni aliyeolewa na Mkenya mwanamume aliweza kusajiliwa uraia, lakini mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakuwa na njia hiyo, na mtoto wetu akizaliwa nje alimfuata baba. Leo mtoto wa Mkenya ni Mkenya, mzazi huyo awe baba au mama. Ni baraka. Lakini sheria nzuri nayo inaweka kamba mkononi mwa mtu mmoja, na huyo mtu, kwa miaka hiyo saba, ni mimi. Ninayo makaratasi, ninayo lugha, ninao ndugu, ninajua bei ya mtungi wa maji na jina la chifu. Tukigombana, mimi naweza kwenda Mariakani kwa mama. Yeye aende wapi?

Je, ni dhambi kuwa na nguvu hizo? Hapana. Sikuziomba. Lakini zipo, na mtu asiseme hazipo. Namjua mtu, si wa kanisa hili, aliyemwambia mwenzake katika ugomvi wa kawaida tu, ugomvi wa pesa ya kodi, kwamba nikienda kwa watu wa uhamiaji wewe unarudi kwenu kesho. Hakwenda. Lakini ndoa ile tangu siku hiyo haikuwa ndoa tena, ilikuwa kifungo chenye chakula. Neno lile likishatoka, kila "ndiyo" ya mwenzako baada ya hapo hujui ni ya upendo au ya woga. Na hili ndilo naona waumini hatulitazami: mwenye nguvu akizitaja mara moja tu, amejinyima mwenyewe uwezo wa kupendwa kwa hiari.

Ndiyo maana mimi na mume wangu tuliandika mambo kwenye karatasi. Alipotia pesa zake kwenye nyumba ya Mariakani, ndugu zangu walishangaa tunaandikiana nini kama mahasimu. Jamani, si kukosa imani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaangalia mchango wa kila mmoja, na mchango ambao haukuandikwa popote mgeni atauthibitisha kwa nani? Kwa kaka zangu?

Mume wangu hupenda kunisimulia habari ya Fathia. Rais wao wa kwanza, Kwame Nkrumah, alioa mwanamke kutoka Misri, Mkristo wa Kikopti, mwisho wa mwaka 1957. Alitua Accra akiwa hawana hata lugha moja wanayoijua vizuri wote wawili. Walipata watoto watatu. Mwaka 1966 serikali ikapinduliwa Nkrumah akiwa safarini, na Fathia akarudi Cairo na watoto. Angalia sasa: miaka ile yote kilichomshikilia Ghana kilikuwa kiti cha mumewe, na kiti kilipoanguka, yeye na watoto walikuwa ndani ya ndege. Lakini alipofariki mwaka 2007 alizikwa Accra, ubavuni mwa mumewe. Wanawake wa sokoni walikuwa wameshakipa kitambaa cha kente jina la kusema Fathia anamfaa Nkrumah. Serikali inaweza kumtoa mgeni kwa siku moja. Wanawake wa sokoni wakishampokea, huyo ametulia.

Na sisi tunayo habari yetu, iliyokwenda kinyume. Mzee Jomo Kenyatta alipokuwa Uingereza alimuoa Edna Clarke mwaka 1942, hali ameacha mke huku nyumbani. Mwaka 1944 wakapata mtoto, Peter Magana. Mwaka 1946 Mzee akarudi Kenya, Edna na mtoto wakabaki. Kuna wanaosema alifanya busara, kwani Nairobi gani ya wakati ule wa ubaguzi ingempokea mwanamke mzungu wa Mwafrika? Inawezekana. Lakini busara ya kumwacha mtu nyuma nayo ina bei, na mwenye kuilipa si yule aliyepanda meli. Edna alifika Kenya mwaka 1963, kwenye sherehe za uhuru, akiwa mgeni mwalikwa.

Kwa hiyo sisemi kumleta mwenzako ni kosa, wala sisemi kumwacha ndiyo upendo. Nasema kuna deni, na halilipwi kwa tiketi ya ndege.

Wapo wataonitajia Ezra sura ya 10, wake wa kigeni walivyofukuzwa. Pale tatizo lilikuwa ibada ya miungu, na Ruthu alikuwa Mmoabi, taifa lililokatazwa waziwazi kuingia katika kusanyiko, na bado amo kwenye ukoo wa Bwana wetu. Tuliache hapo.

Ila ahadi ya Ruthu ina sehemu ambayo kwenye harusi huwa hatuisomi hadi mwisho. Alitaja kaburi. Alisema atazikwa atakapozikwa Naomi. Sisi Wakenya tunajua kaburi linavyoweza kuvunja watu. Waliokuwa watu wazima 1987 wanakumbuka kesi ya S. M. Otieno, mjane na ukoo walivyoshindana mahakamani kwa miezi juu ya mwili mmoja. Na wale walikuwa raia wa nchi moja. Kwetu itakuwaje? Waashanti huhesabu ukoo kwa mama, maana yake mume wangu ni wa mama yake, na mavyaa wangu kule Kumasi ana haki ya kumdai hata akiwa amekufa. Watoto wangu, kwa hesabu yao, ni wa kwetu mimi. (Sisi Waduruma zamani tulihesabu pande zote mbili, ukulume na ukuche, kwa hiyo mama yangu aliposikia hilo alisema basi hawa ni watu.) Lakini mazishi si mzaha, na tumelizungumza tukiwa wazima: akitangulia, mwili utakwenda Kumasi, na tumefungua akiba ndogo ya safari hiyo. Ndugu zangu wanasema tunaita mkosi.

Na kuhusu kuuliza, Rebeka aliulizwa mara moja, akaondoka, wala hatusomi popote kwamba aliwahi kuona kwao tena. Mimi naona mara moja haitoshi. Ndege za Moi zinapita juu ya paa letu usiku na mchana, na mume wangu huinua macho kila inapopita moja. Kila Januari namuuliza kama bado anataka kukaa. Miaka mitano amejibu tukae. Nimeshamwambia kwamba akijibu turudi, tutakwenda Kumasi, mimi niwe mtegemezi. Mama hajalipenda hilo hata kidogo. Aliniuliza, na sisi je, nani alituuliza? Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja kukwambia mapema, mama." Alinyamaza, akaendelea kukuna nazi.