Vidonge Vilivyobaki Kabatini

Ndugu zangu waumini, naomba leo tuzungumze habari ya vidonge.

Nyumba nyingi za mtaa huu zina kabati, droo au kopo lenye vidonge vya mseto vya malaria vilivyobaki. Mtu mzima hupewa 24, ameze vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Siku ya kwanza anameza vyote kwa sababu anatetemeka. Siku ya pili jasho limetoka, hamu ya kula imerudi. Siku ya tatu yuko kazini, na vidonge vinane vimewekwa akiba ya homa ijayo. Akiulizwa hali anasema, "Alhamdulillahi, nimeshapona." Hiyo "nimeshapona" ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi. Alipofika miaka 50 na ushei, watoto wasiomjua walimwita babu, wala si kwa adabu tu. Mgongo ulikuwa umepinda, na kutoka pwani hadi nyumbani alipumzika mara mbili. Sisi tulisema bahari imemla. Leo nikimkumbuka naziona zile homa za kila masika, alizozituliza kwa mwarobaini na nusu ya dozi, kisha akaingia chomboni. Sisemi homa peke yake ndiyo iliyomzeesha. Jua lilikuwapo, na shida, na deni la nyavu. Lakini nimesoma mambo yaliyonifanya nisimkumbuke tena kama zamani.

Kuna ndege mdogo wa kwenye matete anayezaliana Uswidi na kuja kupitisha majira ya baridi huku kwetu Afrika. Ndege hao hupata malaria ya aina yao. Mwaka 2015 watafiti, akiwamo Muhammad Asghar, walieleza waliyoyaona baada ya kuwafuatilia kwa miaka mingi. Ndege waliobaki na vimelea vichache damuni hawakuonekana wagonjwa. Walijenga viota kama wenzao. Hata hivyo waliishi umri mfupi zaidi na kuacha vifaranga wachache zaidi. Na ndani ya chembe za miili yao, ncha zilikuwa zimelika.

Ncha gani? Mama zetu wanaosuka mikeka watanielewa upesi: ukili usipofungwa ncha hufumuka. Nyuzi za urithi zilizomo ndani ya kila chembe ya mwili nazo Mwenyezi Mungu amezifunga ncha, na wataalamu huziita telomeri. Chembe inapojigawa, ncha hupungua kidogo. Hayo ni maumbile, na ncha huzidi kuwa fupi kadiri umri unavyokwenda. Lakini mwili unaopigana na vimelea mwezi hadi mwezi hulazimika kuzalisha askari wapya wa damu bila kupumzika, na zile ncha hupungua haraka kuliko inavyopasa. Tena moto ambao mwili huuwasha ili kumuunguza adui, ukikaa muda mrefu bila kuzimwa, huunguza nyumba yenyewe: mishipa, moyo, figo.

Mtu asiseme, hao ni ndege. Mwaka 2018 Asghar na wenzake walitoa matokeo ya wasafiri waliougua malaria na kutibiwa huko Uswidi. Kwao pia ncha zilipungua katika miezi iliyofuata ugonjwa. Kisha, sikilizeni hapa ndugu zangu, walipokuwa wametibiwa sawasawa na kukaa mahali pasipo mbu wa kuwaambukiza tena, kwa muda wa mwaka mmoja ncha zilirejea.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mwili tuliopewa unajua kujijenga upya, ila unahitaji nafasi. Mtoto wetu anayelala bila chandarua, aliyenyweshwa nusu dozi, anaipata wapi nafasi hiyo? Hajamaliza kujengeka, mbu mwingine ameshatua.

Si malaria pekee. Mtoto analalamika koo, tunasema mafindofindo yatapita, au tunampeleka akakatwe kimeo. Yapo maambukizi ya koo ambayo, yasipotibiwa kwa penisilini mapema, huweza kuuamsha mwili ukaupiga moyo wake wenyewe, na mlango wa moyo ukaharibika. Binti anakua, anaolewa, anabeba mimba, ndipo pumzi inamwisha. Ana miaka 22 na moyo wa bibi yake.

Kwamba maradhi ya utotoni huacha deni, hata hesabu zinaonyesha: watu wa Uswidi wameandika vizazi na vifo vya nchi yao nzima tangu katikati ya karne ya 18. Caleb Finch na Eileen Crimmins walizipekua daftari hizo, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba waliozaliwa katika miaka ambayo watoto wachanga walikufa kwa wingi, hata wale walionusurika, walikufa kwa wingi zaidi walipofika uzeeni. Waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamevuka, walikuwa bado wanalipa.

Uzee wenyewe ni neema, na dini yetu inatufunza kuziheshimu mvi. Lakini mtu kuchakaa kabla ya wakati wake kwa sababu sisi tulizembea, hilo si la kuzisingizia mvi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mja ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini, na mwili wake aliuchakaza katika nini.

Najua yuko anayesema moyoni kwamba yote ni kadari. Jambo hilo aliulizwa Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, zama za tauni ya Amwas, alipofika Sargh, njiani kuelekea Sham, akaambiwa maradhi yameingia huko. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, jemadari wake huko Sham na mtu mwema kabisa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mbele ya bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu: popote atakapolisha, hatoki kwenye kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na mafunzo ya Mtume juu ya nchi yenye tauni: usiiingie, na ukiwa ndani usitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mola akageuka. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake, na tauni ile ndiyo iliyomchukua.

Sasa nyuma ya birika zetu za udhu kuna dimbwi. Nimelichungulia leo kabla ya adhana, limejaa viluwiluwi vya mbu. Ni maji tuliyotawadhia sisi wenyewe, na nyumba ya kwanza upande ule ina watoto watano. Majembe matatu na toroli vipo mlangoni, na fundi ameahidi kokoto kabla ya Alasiri. Naomba vijana kumi wasiondoke baada ya swala.