Nani Aliyekula?

Msomaji, katika bahari yetu, juu ya mawe, makombe na nguzo za gati, huota kitu ambacho mtu asiyejua hukidhani kuwa mwani. Si mwani, ni mnyama aitwaye haidroidi, jamaa wa konyeza. Sisi wa Kiptere tu mbali na bahari, lakini ukoo wake hauko mbali nasi. Mito ya upande wetu wa Kericho hutelemka mpaka Ziwa Viktoria, na humo yumo konyeza mdogo wa maji matamu, yule ambaye Günther alimweleza mwaka 1893 kutoka Ziwa Tanganyika.

Mtazame haidroidi mmoja wa baharini, Obelia. Kikonyo chake kina matawi, na kila tawi hubeba kijinyama kiitwacho polipu. Polipu nyingi zina kinywa kilichozungukwa na minyiri yenye sumu, nazo hunasa vijidudu majini. Lakini ziko nyingine zisizo na kinywa kabisa. Kazi yake ni kuzaa tu: humo hutoka vikonyeza vidogo mno vinavyoogelea kwenda kueneza kizazi. Hizi huishije? Tumbo la zote ni mfereji mmoja upitao ndani ya kikonyo, na chakula kilichomezwa na moja hufika kwa zote. Basi polipu imezapo kijidudu, nani aliyekula?

Swali hili si la bahari tu. Wewe usomaye maneno haya, labda karo yako ilitoka katika majani ya chai aliyochuma mama, au katika bonasi ambayo baba aliikusudia mabati ya nyumba, au dada yako aliacha shule ili wewe uendelee. Leo wewe ndiwe polipu isiyo na kinywa. Si aibu. Lakini siku moja jamaa watakuambia: sisi tulikula kwa ajili yako, basi wewe ni wetu, utasomea tunachotaka, utamwajiri tunayemleta, utampigia kura tunayemtaja. Je, wana haki?

Nadhani wana nusu ya haki. Dada yako alikuwa na kinywa chake mwenyewe. Angaliweza kushiba, akachagua kukuachia. (Kama kweli alichagua, yafaa umwulize, maana wasichana wengi wameondolewa shuleni pasipo kuulizwa.) Polipu haichagui, ndiyo sababu hakuna aisifuye kwa ukarimu. Tendo la dada ni kubwa kwa kuwa lilikuwa la hiari, na malipo yake nayo hayana budi kuwa ya hiari, ama sivyo tendo lake hugeuka kuwa mkopo wa dukani. Deni lipo, na mwenye kulikana ni mwizi. Lakini ni deni la mtu kwa mtu, si la kidole kwa mkono.

Tena umoja wa haidroidi una mpaka. Yuko mwingine, Hydractinia, aotaye juu ya kombe lililobebwa na kaa. Makundi yake mawili yakikutana juu ya kombe moja, kama ni ya damu ya karibu huungana yakawa mwili mmoja. Kama ni mageni, huotesha mizizi minene yenye sumu na kuchomana mpaka moja lishindwe. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kericho iliujua umoja wa namna hiyo. Watu waliokuwa wakichuma chai pamoja walitambuana kwa kabila, na wengi wakakimbia wakiacha nyumba na kazi. Vijana waliotumwa kuchoma waliambiwa maneno yale yale: wewe ni wetu. Wako waliokataa, wakawaficha jirani. Nao walikuwa wamelishwa na kusomeshwa na jamaa wale wale.