Sauti Isiyo na Neno

Masomo: 1 Samweli 16:14–23, Warumi 8:26



Mwezi uliopita wazee wa kanisa tulikuwa na shauri, na jambo lenyewe pengine wengi wenu mtaliona dogo. Mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mwanawe wa pekee, na tangu siku ya maziko hakuweza kuimba tena. Alikuja ibadani Jumapili mbili. Watu walipofungua vitabu vya nyimbo yeye alikifunga chake, maana kila neno la faraja lilimrudisha kaburini. Jumapili ya tatu hakuja. Ndipo kijana mmoja wa kundi la tarumbeta alipokwenda kumwamkia, wala hakumpelekea fungu la Maandiko wala wimbo. Alimtilia katika simu muziki wa chombo kimoja tu, usio na neno hata moja, akamwambia, "Mama, sikiliza jioni ukiwa peke yako. Ukiona haukufai, uufute."

Habari zilipotufikia, baadhi yetu tulikasirika. Tulisema, "Jina la Yesu limetajwa wapi katika muziki huo? Mwenye njaa ya Neno apewa mlio wa nyuzi?" Basi tukaagiza kijana aitwe ili tumwonye.

Lakini kabla hajafika ilitupasa kuyafungua Maandiko, nayo yakatuonya sisi kwanza. Tulisoma habari za Sauli jinsi alivyosumbuliwa na roho mbaya, na Daudi akaletwa kwake na kinubi chake. Maandiko yanataja kinubi, yanataja na mkono wa Daudi, wala hayatuambii kwamba aliimba neno lolote. Hata hivyo mfalme aliburudika. Tena tulisoma katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa tatu, habari za Elisha alipokuwa mbele ya wafalme watatu, naye amemkasirikia mfalme wa Israeli. Kabla ya kunena unabii alitaka aletewe mpiga kinanda. Yule alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia nabii. Mlio ulitangulia, na neno likafuata nyuma. Mwisho tukafika kwa Mtume Paulo, anapowaandikia Warumi ya kuwa sisi hatujui kuomba ipasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Mzee aliyekuwa mkali kupita wote ndiye aliyesoma, naye alipokwisha soma alivua miwani yake, akanyamaza.

Wala hatusemi ya kuwa kila mlio ni mtakatifu. Katika kitabu cha Danieli, mlango wa tatu, baragumu, filimbi na kinubi ndivyo vilivyowaita watu kuisujudia sanamu ya dhahabu. Kinubi ni kilekile. Chombo hakikubatizwa, wala hakikulaaniwa. Na hapa yatupasa kuungama jambo moja. Zamani katika sharika nyingi ngoma na zeze vilikatazwa kuwa ni vitu vya kishenzi, bali tarumbeta zilipokewa kwa heshima, ingawa tarumbeta nazo zimewapeleka askari vitani miaka elfu nyingi. Tuliziona safi kwa sababu zilifika pamoja na walioleta Injili.

Kijana akaingia. Badala ya kumwonya tulimwomba atusikilizishe. Akaiweka simu juu ya meza ya sakristia, katikati ya vitabu vya hesabu, nasi tukasikiliza. Ilikuwa selo, yaani fidla kubwa ambayo mpigaji huishika kati ya magoti yake, ikipigwa peke yake bila kinanda wala mwenzi. Mara ya kwanza hatukusikia kitu; mmoja alikohoa, mwingine aliitazama saa yake. Tukaomba irudiwe. Mara ya pili mzee mmoja alisema, "Ni kama mtu anayetembea njiani peke yake, akisema na nafsi yake." Mwingine alisema kwamba yeye alisikia msumeno na ubao, na hata leo hajageuza neno lake. Tunamheshimu kwa kusema kweli.

Muziki huo uliandikwa na Johann Sebastian Bach, Mlutheri, aliyezaliwa mwaka 1685. Wengi humjua kuwa ndiye aliyeongoza muziki wa makanisa ya Leipzig tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1750, na Leipzig ndio mji ambao misioni yake ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Lakini kabla ya kwenda huko alikaa Köthen tangu 1717, akimtumikia mtawala wa dhehebu la Kikalvini, ambaye ibada zake hazikutaka muziki mwingi. Kwa hiyo Bach aliandika muziki mwingi wa vyombo vitupu. Mwaka 1720 alisafiri pamoja na bwana wake, akamwacha mkewe Maria Barbara akiwa mzima. Aliporudi alikuta amekwisha kufa na kuzikwa. Katika mwaka huohuo alinakili kwa mkono wake kazi sita za fidla moja, pasipo neno lolote. Na mwishoni mwa kazi nyingi za maisha yake, zenye maneno na zisizo na maneno, alikuwa akiandika herufi tatu, maana yake: utukufu kwa Mungu peke yake. Martin Luther mwenyewe, mpigaji wa vyombo, aliandika mwaka 1530 ya kuwa baada ya theolojia hakuna kitu anachokiweka juu ya muziki.

Kazi zile sita za selo zilikaa muda mrefu zikihesabiwa kuwa mazoezi ya vidole. Mwaka 1890 mvulana wa miaka 13, jina lake Pablo Casals, aliingia pamoja na baba yake katika duka la karatasi kuukuu za muziki huko Barcelona, akazikuta. Hakukimbia kuwatangazia watu kesho yake. Alizizoeza kwa miaka 12 kabla ya kuthubutu kuzipiga mbele ya watu, na santuri zake zilirekodiwa kati ya 1936 na 1939. Twaona aibu kidogo, sisi ambao humpelekea jirani wimbo kabla hatujausikiliza wenyewe hata mwisho.

Basi tukamwuliza kijana, "Mbona ulichagua huu? Tarumbeta zenu zinapiga tenzi bila maneno, kwa nini hukumpelekea hizo?" Akajibu, "Wazee wangu, tenzi zile mama anazijua kwa moyo. Tarumbeta ikilia, maneno yanamjia yenyewe, na maneno ndiyo yanayomchoma. Nilitafuta sauti asiyoijua. Tena hii ni sauti moja, na yeye amebaki mmoja." Hatukuwa na la kusema. Kijana huyu alikuwa amemfikiria mama kuliko sisi tuliomhubiria.

Tulimwomba atuonyeshe mengine aliyoyapata, naye akatusikilizisha mpaka taa zikawashwa. Alianza na gitaa la Blind Willie Johnson, kipofu wa Texas aliyeimba habari za Mungu barabarani. Tarehe 3 Desemba 1927, katika mji wa Dallas, alipiga muziki wenye jina litokanalo na wimbo wa kale wa Gethsemane, juu ya usiku wa giza na ardhi ya baridi. Sauti ya mtu imo, ila haitamki neno. Inaugua tu, na gitaa linaugua nyuma yake, likilia kama mtu wa pili bustanini. Mtu huyo alikufa maskini mwaka 1945. Na mwaka 1977 Wamarekani walipotuma vyombo viwili vya Voyager mbali angani, kuugua huko kulitiwa katika santuri zilizobebwa humo, pamoja na muziki wa Bach. Tulipousikia tulilikumbuka lile fungu la Warumi pasipo mtu kulitaja, na kwa sisi wengine hilo lilikuwa mahubiri ya jioni ile.

Akatusikilizisha piano ya mtawa wa Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki Yerusalemu mwaka 2023. Piano yake yaenda kama maji yapitayo juu ya mawe, bila haraka. Akatusikilizisha bashrafu ya Unguja, ule muziki wa udi, kanuni na fidla ambao katika taarabu hupigwa mwanzo, kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Chama cha Nadi Ikhwan Safaa kimekuwapo tangu 1905, nasi tumeishi na majirani hao miaka yote bila kuwasikiliza. Mwisho akaleta jazi ya John Coltrane, Mmarekani ambaye babu zake wote wawili walikuwa wachungaji, aliyeacha ulevi na madawa mwaka 1957, akasimulia kwamba mwaka huo, kwa neema ya Mungu, aliamshwa kiroho. Desemba 1964 alirekodi muziki wa shukrani wenye sehemu nne. Ya tatu ilitushinda, tukaomba ipitishwe. Katika ya nne alipiga kwa saksafoni sala aliyoiandika mwenyewe, silabi kwa silabi, lakini hakuitamka. Mzee wa msumeno aliipenda hii kuliko zote, jambo tusilolitazamia.

Tulimwuliza kama hiyo nayo ingemfaa mama. Akasema, "Hapana, si sasa. Huo ni wa mtu aliyekwisha kuvuka." Na hivyo ndivyo tunavyotaka mfanye, ndugu, mnapopeana muziki huu. Mgonjwa hapewi chakula kwa sababu mpishi anakipenda. Paulo anawaambia Wakorintho ya kuwa hata vyombo visivyo na uhai vyapaswa kutofautisha sauti zake, ili ijulikane ni nini kinachopigwa. Nasi twaongeza kwamba yafaa ijulikane pia ni nani anayepigiwa. Muziki ufunguliwao dukani kutwa nzima, mtu asiusikilize, hatuuhesabu hapa.

Mama alirudi kanisani Jumapili iliyopita, akaketi karibu na mlango. Hatukutangaza neno. Mpiga kinanda alipiga kwa muda kabla ya wimbo wa kwanza, muziki usio wa tenzi yoyote ya kitabu chetu, na watu wengine waligeuka kutazama kulikoni. Mama hakufungua kitabu. Aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, na mvua ilikuwa ikinyesha, kijana akamfuata na mwavuli. Tuliposikia baadaye, alikuwa amemwuliza kama upo mwingine. Kijana hajampelekea bado, asema anautafuta.