Fidia ya Hasara Isiyokuwapo

Mtu akipewa fedha kwa jina la msiba usiompata, na sheria ikamruhusu kuzipokea, je, ametenda kosa? Swali hili si la kubuni.

Mwaka 2002 ukame uliyapata majimbo mengi ya Marekani, na serikali ikatenga fedha za kuwasaidia wafugaji. Kukagua kila shamba kungalichukua muda mrefu, na mnyama mwenye njaa hangojei karatasi. Kwa hiyo kanuni ilifanywa nyepesi: mfugaji wa wilaya yo yote iliyotangazwa kuwa na maafa alilipwa kwa hesabu ya wanyama wake, pasipo kudaiwa ushahidi wa hasara.

Ndipo tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani kiitwacho Columbia kilipovunjika juu ya Texas. Watu saba waliokuwamo walikufa, na vipande vyake vikaanguka mashariki ya jimbo lile. Wilaya zile nazo zikahesabiwa kuwa za maafa. Gazeti la Washington Post lilieleza Julai 2006 ya kuwa kwa sababu hiyo mamia ya wafugaji walistahili kulipwa, kila mmoja hata kufikia dola 40,000. Na miongoni mwao alikuwako ambaye kipande cha karibu kilianguka maili kumi au zaidi mbali na ng'ombe wake.

Yuko atakayesema, "Hawakuiba wala hawakusema uongo. Tena, mmoja akikataa, fedha zile hazimwendei jirani mhitaji." Maneno haya yana nguvu, nasi hatuwaiti wezi. Walakini twauliza: je, kutokuiba kwatosha?

Wazee wetu husema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Aendaye matangani kwa ajili ya wali hakuvunja sheria, maana mlango u wazi na sahani hutolewa kwa wote. Hata hivyo kila mtu amjua, naye mwenyewe ajijua. Neno fidia maana yake ni malipo ya kitu kilichopotea. Asiyepoteza kitu akiipokea, amelitwaa jina la mfiwa.

Na dhara halimwishii yeye. Fedha za serikali ni kodi za watu. Watu wakisikia ya kuwa msaada wa ukame umelipwa pasipo ukame, siku mkulima mwingine atakapolia kwa haki watamtazama kwa mashaka. Hapo ndipo twaona jirani ameibiwa: si fedha, bali kuaminiwa kwake.

Mwaka 2008 Marekani ilitunga sheria mpya, na tangu hapo malipo ya malisho yaliyokauka hufuata ukali wa ukame, kama uonyeshwavyo katika ramani itolewayo kila juma. Ni vema. Lakini ramani huonyesha wilaya, haionyeshi zizi la mtu. Sheria haina budi kuchora mstari mpana, ili msaada usichelewe. Na ndani ya mstari ule daima watakuwamo wasiopungukiwa. Hao hakuna afisa atakayewauliza.

Basi kila mmoja na ajiulize mwenyewe kabla ya kutia sahihi: ni kitu gani nilichopoteza? Asiyeweza kukitaja, na aiache karatasi mezani.