NANI ASIYE NA KAZI?

Kila baada ya miaka kadhaa Serikali yetu hutuma wadadisi katika mikoa kuuliza, kwa nyumba zilizochaguliwa, ni nani afanyaye kazi na ni nani asiye nayo. Hesabu za Tanzania Bara, zikipangwa moja baada ya nyingine, zaleta habari ya kutia moyo. Mwaka 2000/01 wasio na kazi walikuwa karibu watu 13 katika kila 100 wa nguvukazi. Mwaka 2014 walikuwa kama 10. Na mwaka 2020/21 walizidi 9 kidogo tu. Asomaye tarakimu hizo aweza kushukuru na kufungua ukurasa mwingine.

Lakini mzazi ambaye kijana wake amemaliza chuo na yu nyumbani mwaka wa tatu sasa, hafungui ukurasa upesi hivyo. Hujiuliza: ikiwa wasio na kazi wanapungua, mbona wangu yungali hapa? Kutoka swali hilo hadi kusema kwamba mtoto ni mvivu, njia ni fupi mno. Kwa hiyo twataka leo kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana si jambo la hesabu peke yake. Kusema kwamba fulani ana kazi, au hana, ni kutoa hukumu juu yake. Na kila hukumu yataka haki.

Kwanza tufahamu jinsi hesabu inavyofanywa. Kwa kanuni ya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika juma linaloulizwa huhesabiwa kuwa ana ajira. Ili ahesabiwe kuwa hana, sharti awe hakuipata hata saa hiyo moja, awe tayari kufanya kazi, na tena awe ameitafuta siku za karibuni. Aliyetafuta mpaka akakata tamaa, akaketi, hawekwi katika hesabu ya wasio na kazi; hutolewa katika nguvukazi kabisa. Nchi yetu imetumia pia maana iliyo pana zaidi, ambayo humhesabu hata huyo aliyekata tamaa, maadamu yu tayari kufanya kazi. Ndiyo sababu kiwango chetu cha kitaifa, kile cha 9 katika 100, ni kikubwa kuliko cha kimataifa, ambacho kwetu hakifiki hata 5. Watu ni wale wale na juma ni lile lile. Kilichobadilika ni maana ya neno.

Hatusemi kwamba wataalamu wa takwimu wanatudanganya. Kanuni ya saa moja ina sababu yake: watu wataka kujua kazi yote inayofanywa katika nchi, hata iliyo ndogo, na kuilinganisha na ya nchi nyingine. Tena taarifa zao hueleza mengi kuliko tarakimu moja. Humo mna habari za wale wanaofanya kazi saa chache kuliko wanavyotaka. Humo twaona kwamba wanawake hukosa kazi kuliko wanaume, na kwamba katika mkoa wa Dar es Salaam, mwaka 2020/21, asiye na kazi alikuwa kama mmoja katika kila watano. Kosa ni la sisi tunaoichukua tarakimu moja, tukaacha nyingine zote, kisha tukadhani tumemjua jirani yetu.

Tukiangalia nyuma twaona kwamba kila zama imekuwa na kipimo chake. Wakati wa ukoloni, watu walioandikwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Hao walikuwa na ajira. Hapana aliyeweza kusema hawana. Lakini ni mzazi gani leo angemwombea mwanawe ajira ya namna ile?

Kisha wazee wa Dar es Salaam wanaukumbuka mwaka 1983. Mwaka huo ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na msako ukapita mjini. Walioshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa, na wengi wakapelekwa mashambani. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi wadogo, watu waliotoka nyumbani alfajiri wakiitafutia jamaa yao chakula. Mbele ya sheria hao walikuwa wazururaji. Basi, mchuuzi kama huyo, akiulizwa na mdadisi wa takwimu mwaka 2021, angeandikwa bila shaka yoyote kwamba ana ajira. Desemba 2018 wachuuzi wenzake, tuwaitao wamachinga, walianza kupewa vitambulisho kwa amri ya Rais John Magufuli, kila mmoja akilipa shilingi 20,000. Na mwaka 2021 wakaamriwa waondoke kando ya barabara za miji yetu mikubwa. Mtu mmoja, mwenye sinia moja la bidhaa, ameitwa mzururaji, kisha mfanyabiashara, kisha kizuizi cha njia. Yeye hakubadilika. Aliamka alfajiri siku zote.

Basi, kipimo cha haki ni kipi? Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutazamwa kwanza katika mtu aifanyaye, kabla ya kutazama kitu kinachofanywa. Tukilishika fundisho hilo, haitoshi kuuliza kama mtu alifanya kazi saa moja. Yatupasa kuuliza pia: Je, kazi hiyo yamlisha? Je, aweza kuitegemea kesho, akaoa, akasomesha watoto, akajitibu augeuapo? Je, yamwacha na heshima yake? Mwenye saa moja ya kazi na njaa ya siku sita bado ni mhitaji, hata kama daftari limemweka upande wa walioshiba.

Kipimo hicho chatugeukia hata nyumbani mwetu. Mama alimaye chakula cha jamaa yake, achotaye maji, atunzaye wagonjwa na watoto, hapokei ujira. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu wa dunia, walipokutana Geneva, walikubaliana kwamba hiyo ni kazi kweli kweli, ingawa haiitwi ajira. Lugha yetu ingeweza kuwafundisha hayo mapema, maana kazi ni neno moja, na ajira, iliyo ndugu ya ujira, ni neno lingine. Na bado ni waume wangapi, wakiulizwa habari za wake zao, hujibu, “Huyu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu”? Mwenye kusema hivyo na atazame ni nani aliyekuwa wa kwanza kuamka leo katika nyumba yake.

Hapa mtu aweza kutupinga. Atasema, “Mnawatetea wavivu. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na vijana wa siku hizi hawataki jembe, wanataka kiti.” Twakubali kwamba uvivu upo, na kwamba ni dhambi. Yupo kijana anayekataa kazi halali kwa kuwa yamchafua mikono, naye yafaa aonywe bila kubembelezwa. Lakini onyo la mmoja lisiwe shtaka la wote. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita waombaji wa nafasi 70, wakafika zaidi ya watu 10,000, hata ikabidi usaili ufanyike katika Uwanja wa Taifa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, ikapokea maombi 135,027, yaani zaidi ya waombaji 80 kwa kila nafasi. Hata kama wote wangekuwa na bidii ya siafu, kwa kila aliyeajiriwa wangerudi nyumbani zaidi ya 80. Wengi wa hao hawakushindwa kwa uvivu. Nafasi hazikuwapo.

Yule mwenye shamba wa mizabibu katika Injili alikuta watu wangali wamesimama sokoni jioni. Aliwauliza sababu, wakamweleza kwamba hapana aliyewaita. Aliwaamini, akawapeleka shambani, na wakati wa malipo hakuwapunja. Twaona hapo mambo matatu ambayo nchi na jamaa zetu zayahitaji: kuuliza kabla ya kuhukumu, kuamini jibu la mnyonge, na kumpa mtu kitakachomtosha.

Kwa Serikali, basi, twaomba kwamba inapotangaza kupungua kwa wasio na kazi, itangaze kwa sauti ile ile wangapi wana kazi isiyowatosha. Nao waliojitafutia kazi barabarani wasiondolewe kabla ya kuonyeshwa mahali ambapo wanunuzi hupita. Kwa waajiri, na taasisi zetu za dini zikiwamo, twasema kwamba kumtumikisha kijana miaka miwili kwa jina la kujitolea, huku kazi yake ni ile ile ya mwenye mshahara, ni kumnyima haki yake. Na kuchelewesha ujira wa kibarua ni kumtoza mkopo ambao hakuukubali.

Kwenu wazazi neno letu ni fupi. Kijana akirudi jioni bila kazi, msimpokee kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani. Mwulizeni alikwenda wapi, alijibiwa nini, na kesho atajaribu wapi. Mpeni kipande cha shamba, au kazi ya nyumba iliyo ya kweli, nanyi mwiite kazi mbele ya wageni. Akianza kwa kuuza maandazi au kutengeneza baiskeli, msione haya. Wako vijana waliozoea kuitwa wavivu kwao wenyewe mpaka wakasadiki, wakaacha kutafuta, na kwa kanuni ya kimataifa wakafutika hata katika hesabu ya wasio na kazi. Hao ndio tunaowaogopea zaidi, kwa kuwa hakuna mdadisi wa Serikali awezaye kuwarudisha. Watarudishwa na mtu wa nyumbani, nasi twaomba jamaa zetu zianze leo.